Makazi ya wazee Mwanza: maswali ya gharama na ubora ambayo familia huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wana na mabinti ambao mzazi wao ameanza kuhitaji mtu wa kumshika mkono kwenda chooni, wakawa wanajiuliza akae wapi na kwa shilingi ngapi. Bei zilizotajwa humu ni za kuonyesha hesabu tu. Bei halisi utapewa na kituo chenyewe. Kazi yetu hapa ni kukuonyesha namna ya kuzilinganisha.

Mwanza na kandokando ya ziwa kuna makazi ya aina gani?

Kuna ya serikali, kama Bukumbi wilayani Misungwi. Mikoa jirani ina Kolandoto (Shinyanga), Nyabange (Mara) na Kilima (Bukoba). Kuna yanayoendeshwa na mashirika ya dini, na machache ya watu binafsi yanayotoza ada ya mwezi. Hayo ya kulipia bado ni machache huku kwetu, kwa hiyo familia nyingi huishia kulinganisha kituo kimoja au viwili na kumtunza mzee nyumbani kwa msaada wa mtu wa kuajiriwa. Ndiyo maana maswali ya nyumbani tumeyaweka humu pamoja na ya vituo.

Mama yangu anaweza kupokewa Bukumbi bila malipo?

Kama ana watoto wenye kipato, tarajia jibu la hapana. Makazi ya serikali ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee inaiweka familia mbele, na makazi yanakuja pale ambapo familia haipo kabisa. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, naye huchunguza hali ya mzee na ndugu zake. Ukionekana una uwezo, utaitwa wewe.

Na ni haki iwe hivyo. Katika Kanda ya Ziwa kuna bibi waliolazimika kuhama vijiji vyao kwa tuhuma za uchawi, kosa lao likiwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Nafasi za bure ni za watu kama hao. Anayeweza kulipa asizigombee.

Kwa nini vituo viwili vinavyofanana vinapishana bei karibu mara mbili?

Kwa sababu unacholipia hasa ni saa za watu. Godoro hununuliwa mara moja, na bei ya unga inajulikana sokoni, lakini mtu wa kumgeuza mzee saa nane usiku analipwa kwa kila usiku. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Gawanya 168 kwa 45, utaona kwamba ili awepo mhudumu mmoja tu aliye macho mchana na usiku, wanahitajika karibu wanne. Kituo cha wazee 20 kinachotaka wawili wawe macho muda wote kinahitaji wahudumu wanane, na hapo hujamhesabu mpishi, mfua nguo, mlinzi wala muuguzi.

Tuseme kila mhudumu analipwa 250,000. Wanane ni milioni mbili kwa mwezi. Mwajiri akiongeza mchango wake wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10, inafika milioni mbili na laki mbili. Gawanya kwa wazee 20: ni 110,000 kwa kila mzee kabla hajala wala kuogeshwa kwa sabuni. Sasa kituo kikikwambia kinamtunza mzee wa kitandani kwa 150,000, kila kitu ndani, uliza pengo linazibwa na nani. Jibu likiwa ni kanisa au mfadhili anayefahamika, hiyo ni bei ya kweli na ushukuru. Jibu likikosekana, ujue kuna mikono iliyopunguzwa, na inayopunguzwa kwanza ni ya usiku, wakati ambao ndugu hawapo.

Swali ambalo mimi huwashauri watu waanze nalo ofisini ni hili: "Usiku wa kuamkia leo, nani alikuwa macho hapa, na wazee walikuwa wangapi?" Anayeendesha kituo vizuri atakujibu kwa majina na kukuonyesha daftari la zamu. Akianza kuzungukazunguka, bei yake haina maana tena, hata iwe ndogo kiasi gani.

Bei ya mwezi inajumuisha nini?

Inategemea kituo, na hapa ndipo familia nyingi hukosea kulinganisha. Chukua mfano. Kituo cha kwanza kinataka 350,000. Cha pili 550,000. Cha kwanza kinaonekana nafuu kwa laki mbili nzima. Lakini cha kwanza kinataka ulete pampasi za wakubwa mwenyewe, na mzee asiyejizuia hutumia kama nne kwa siku, yaani 120 kwa mwezi. Zikiwa 1,500 moja, ni 180,000. Mwezi huo huo ameenda kliniki mara mbili, na kila safari ya kumsindikiza umelipishwa 30,000. Umeshafika 590,000, na dobi bado. Cha pili kilikuwa kimejumlisha vyote hivyo.

Kwa hiyo omba orodha ya maandishi: chakula mara ngapi, pampasi, kufua, sabuni na mafuta ya mwili, dawa za kila siku, usafiri wa hospitali, mtu wa kukaa naye akilazwa. Hilo la mwisho husahaulika. Mgonjwa aliyelazwa huku kwetu anahitaji mtu wa kumlisha na kumbadilisha nguo, na kama kituo hakitoi mtu, utamtafuta wewe usiku huo huo. Uliza pia bei itapanda vipi hali ikibadilika. Mzee anaingia akitembea na mkongojo, baada ya mwaka kiharusi kinamlaza; bei ya mzee wa kitandani iandikwe tangu mwanzo.

Si nafuu kumwajiri dada akae na mama nyumbani?

Kwa mzee anayeweza kujiogesha na kujilisha, mara nyingi ndiyo, na ni vizuri zaidi kwake kwa sababu anabaki na majirani zake na kuku wake. Kwa mzee anayehitaji kuangaliwa usiku, rudi kwenye zile saa 168. Dada mmoja hawezi kuzifanya. Akifanya, ni kwa kunyimwa usingizi, na mtu aliyenyimwa usingizi miezi mitatu hawezi kumnyanyua mzee bila kumwangusha, wala hawezi kuwa na uvumilivu mzee anapojichafua mara ya pili alfajiri. Tunamwonea yeye, na mzee naye anaumia.

Hesabu ya nyumbani ikamilishwe kwa ukweli. Weka mshahara wa dada na wa mtu wa kumpokea zamu, chakula chao, mkaa au gesi, maji, kiti cha choo, kitimwendo, na muuguzi wa kupita kusafisha kidonda au kubadilisha mpira wa mkojo. Kisha weka kipato cha yule binti wa familia aliyeacha biashara yake Soko Kuu au Mwaloni ili akae na mama. Huyo ndiye gharama kubwa kuliko zote, na ndiye asiyeandikwa popote kwa sababu "yeye yuko nyumbani tu". Hayuko tu. Anafanya kazi ya watu wanne.

Nikienda kutembelea, niangalie nini?

Nenda mara mbili, mara moja kwa miadi na mara nyingine bila miadi, wakati wa mlo au jioni kuelekea giza. Usivutiwe na geti, vigae au maua. Omba kumsalimia mzee aliye dhaifu kuliko wote, yule asiyeweza kujieleza, kwa sababu mwenye nguvu hujitetea mwenyewe popote alipo. Ukiwa naye, tazama kikombe cha maji. Kiko pale mkono wake unapofika, au kiko kwenye meza ya upande wa pili wa chumba ambako hawezi kufika? Mzee hukosa maji kimya kimya. Haombi kwa sababu hataki kusumbua, au kwa sababu anajua akinywa atahitaji kupelekwa chooni na hakuna wa kumpeleka. Kikombe kilicho mbali kinakueleza habari za kituo kizima.

Tazama kucha za miguu na visigino. Kucha ndefu zilizopinda maana yake hakuna aliyekaa chini akaushika mguu huo kwa wiki nyingi. Kisigino chenye wekundu au weusi ni mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na kituo makini huwa na karatasi ya kugeuza yenye saa na sahihi karibu na kitanda. Uliza kwa upole: "Kuna mzee yeyote mwenye kidonda sasa hivi? Alikipata hapa au alikuja nacho?" Kuwa na mzee mwenye kidonda si aibu. Kuficha ndiyo tatizo.

Kaa mpaka chakula kiletwe. Siku ya samaki utajifunza mengi. Sato ana miiba, na mzee asiyeona vizuri au aliyepata kiharusi hawezi kuitoa. Mhudumu mzuri utamwona amekaa, hajasimama, anachambua nyama kwa vidole, anapapasa kila kipande kabla ya kukitia kwenye tonge la ugali, anasubiri mzee ameze ndipo ampe tonge la pili. Mahali pabaya sahani huwekwa mbele ya mzee, na baada ya muda huondolewa ikiwa vile vile, na kwenye daftari inaandikwa "amekula". Muulize mzee jirani yake jana walikula nini. Mezani wazee hawana siri.

Harufu nayo ina maana, lakini uitafsiri vizuri. Harufu ya mkojo asubuhi wakati wa kubadilisha mashuka ni kawaida kabisa. Harufu hiyo hiyo saa kumi jioni, imeshika kwenye godoro na ukuta, ni jambo jingine. Harufu kali ya dawa ya kusafishia kila kona, siku waliyojua unakuja, haithibitishi lolote.

Mama haongei Kiswahili vizuri. Ni tatizo?

Ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani. Mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu anaweza kupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani na kurudi kwenye ile ya utoto, hata kama alikijua Kiswahili vizuri. Bibi wa Kisukuma ataomba maji kwa Kisukuma, na mhudumu kijana aliyetoka mbali atadhani anapayuka. Uliza katika kila zamu kuna nani anayeongea Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya, kutegemea mzazi wako. "Mwangaluka, mayu" (salamu ya Kisukuma kwa mama) ya asubuhi inayotamkwa sawasawa inaweza kumtuliza mtu kuliko kidonge cha usingizi. Kama hakuna anayejua, waandikie maneno ishirini: maji, chooni, naumwa, baridi, njaa, sitaki, na jina analopenda kuitwa. Yabandikwe ukutani kando ya kitanda.

Bima ya afya italipa?

Bima hulipia matibabu. Malazi na matunzo ya kila siku ni juu yenu. Mtumishi wa umma anayechangia NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) anaweza kumwandikisha mzazi miongoni mwa wategemezi wake wanne, mbali na mwenza, kwa hiyo angalieni ni nani katika ndugu mwenye nafasi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, baada ya kutambuliwa na kupewa kitambulisho na halmashauri yake. Nyaraka hizo zifuatane naye anapohamia kituoni, nakala zibaki kwenu. Mkononi muwe na akiba ya fedha ya dawa, kwa sababu za presha au kisukari zikikosekana kwenye dirisha la dawa hospitalini, mtanunua famasi siku hiyo hiyo.

Uliza kituo kina muuguzi mwenye leseni au wahudumu tu, na nani anatoa dawa. Omba kuona daftari la dawa la jana. Mtu akizidiwa usiku, gari lipo? Umbali wa kwenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure ni swali la ubora. Mzee aliyepata kiharusi hana muda wa kusubiri mpaka bodaboda apatikane, na kwa hali ile bodaboda haimfai.

Tuchague mjini, au nje ya mji kwenye hewa safi?

Tazama nani atamtembelea, kisha tazama ardhi. Mwanza ni mji wa mawe. Kituo kilichopo juu ya mlima kina upepo mzuri na mandhari ya ziwa, lakini kama njia ya kufika ni ngazi za mawe kama zile za Bugarika, kitimwendo hakipiti, na mzee akishapanda huko hatashuka tena isipokuwa kwa kubebwa. Kituo cha ufukweni kiwe na uzio imara na geti linalofungwa, maana mzee anayesahau hupotea haraka na maji yako karibu. Vyandarua viwe vizima, vihesabu. Uliza pia maji ya kunywa wanayatoa wapi na yanachemshwa na nani.

Kuhusu umbali: mzee anayetembelewa bila ratiba hutunzwa vizuri zaidi, kwa hiyo nauli ya daladala au ya kivuko ni sehemu ya bei. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, familia ya Sengerema inaweza kufika upande wa Misungwi na Mwanza bila kupanga foleni ya kivuko, na vituo vya upande huu vimekuwa karibu kweli kwao. Wa Ukerewe bado anategemea maji. Kwake yeye kituo cha kawaida kilicho karibu na ndugu kinaweza kukishinda kizuri cha mbali.

Ndugu tunagawanaje gharama?

Kaeni kikao kimoja mkiwa na ile orodha ya maandishi mbele yenu. Kugawa sawa kwa vichwa huonekana haki, lakini mwenye mshahara na anayeuza dagaa mezani hawalingani, na anayeshindwa mwezi wa pili hukimbia hata kupokea simu. Mwenye kipato alipe zaidi. Asiye nacho apewe kazi ya kumtembelea kila wiki na kuleta taarifa, na kazi hiyo ihesabiwe kama mchango kamili. Fedha ipite kwa mtu mmoja, risiti ziwekwe kwenye grupu la familia. Wekeni akiba ya miezi mitatu kabla mzee hajahama, kwa sababu kumrudisha kwa kukosa ada baada ya kuzoea humvunja moyo sana.

Kama mzazi ana pensheni, ni yake. Itumike kwa matunzo yake kwa ridhaa yake, na msisahau uhakiki wa wastaafu, maana akikosa kuhakikiwa malipo yanaweza kusimama.

Watu watasema tumemtupa baba.

Wapo watakaosema, hasa wale wasiowahi kubadilisha shuka lake hata mara moja. Waalikeni waende kumwona. Baba aliyeogeshwa, amekula, ameketi kivulini na wenzake hajatupwa. Aliyefungiwa chumba cha nyuma tangu asubuhi kwa sababu wote wameenda kazini yuko peke yake, hata kama anwani ni ya nyumbani kwake. Ila lawama hiyo ina ukweli pale familia inapomfikisha kituoni na kuacha kuja. Hapo wanaosema wana haki.

Na kama yeye mwenyewe hataki?

Msimdanganye kwamba anakwenda hospitali. Atagundua, na hatawaamini tena. Mpelekeni kushinda mchana mara kadhaa, kisha akae wiki mbili za majaribio kama kituo kinaruhusu. Msikilizeni anachokataa hasa: mara nyingi ni jambo moja linalorekebishika, kama vile kulala chumba kimoja na mgeni, kuogeshwa na kijana wa jinsia nyingine, au kukosa ibada ya Jumamosi kwa Msabato. Akikataa kabisa na akili yake ni timamu, uamuzi ni wake, nanyi mrudi kwenye hesabu ya nyumbani.

Mkataba uwe na nini?

Kabla ya mkataba, omba kuona usajili. Cheti cha shirika ni kitu kimoja, na ruhusa ya kuendesha makazi ya wazee ni kingine. Thibitisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kilipo kituo, iwe Nyamagana, Ilemela au Misungwi. Mkataba utaje bei, vilivyomo, notisi ya kupandisha bei, na notisi ya kumwondoa mzee, isipungue siku 30. Uandike nani anapigiwa simu kwanza akiugua, ndani ya muda gani, na nani anaruhusiwa kukubali upasuaji. Uandike kwamba ndugu wanaweza kuingia kumwona saa yoyote ya mchana bila taarifa. Kituo kinachokataa kifungu hicho, tafuteni kingine. Mwisho uandike akifariki itakuwaje: nani anaarifiwa, mwili unahifadhiwa wapi, nani analipia gari hadi kijijini, na fedha iliyobaki ya mwezi inarudishwa au hapana. Vitu vyake vyote, pamoja na kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima, viorodheshwe siku ya kuingia, pande mbili zisaini, na kila upande ubaki na nakala.